Fundi Sponji, Aliyebeba Cherehani Yake Nyumbani Kila Jioni

Huyu tunayemlaza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, ambako baba yake alikuwa akipaka grisi magurudumu ya mabehewa. Alikuwa mtoto wa kwanza. Waliomfuata wawili hawakukaa, na mdogo wake wa mwisho alipozaliwa, marehemu alikuwa na miaka tisa. Alimbeba mgongoni mpaka wenzake wakamwita yaya. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba mtoto yule akiamka usingizini hakumlilia mama, alimlilia kaka. Jina la Fundi Sponji marehemu alilipata ukubwani, na ndilo nitakalotumia hapa, kwa kuwa ndilo mnalomjua nalo nyote. Anayesoma ni binti yetu mkubwa. Mimi mjane sikwenda shule, lakini maneno ni yangu, naye aliyaandika kama nilivyoyatamka. Kamati ya mazishi iliniomba nipunguze. Waliniambia wasifu si mahali pa kesi. Nikawaambia basi wanionyeshe mahali penyewe.

Alianza shule ya msingi mwaka 1969 na kumaliza darasa la saba mwaka 1975. Alifaulu. Mwaka huohuo baba yake alianguka kutoka juu ya behewa akavunjika nyonga, na nyumba ikakosa mtu wa kuleta unga. Marehemu akaacha habari ya shule, akaenda kujifunza kutengeneza makochi kwa fundi mmoja mzee nyuma ya posta. Mdogo wake alipofika umri wa kusoma, ada, viatu na madaftari vilitoka mfukoni mwa kaka yake mpaka kidato cha nne. Hilo analijua mwenyewe, na hajawahi kulikana.

Akiwa bado mwanafunzi wa yule mzee, mwaka 1978, wezi walivunja karakana wakachukua cherehani. Ufunguo wa pili alikuwa nao yeye. Akalazwa kituo cha polisi, mama yake akawa anampelekea uji dirishani, hadi cherehani ilipokutwa mji mwingine ikiuzwa na mtu ambaye hata hakumfahamu. Mzee alimwomba radhi mbele za watu, naye akamsamehe. Lakini tangu alipojinunulia cherehani yake mwenyewe, ile nzito ya kushonea ngozi na turubai, haikulala kazini hata siku moja. Kila jioni alilegeza skrubu, akakitoa kichwa cha cherehani mezani, akakifunga kwenye gunia na kukitwika begani hadi nyumbani. Kile kichwa kilikuwa kizito kuliko ndoo iliyojaa maji. Asubuhi alikirudisha. Meza na pedali ndivyo vilivyobaki karakanani.

Alifungua karakana yake tarehe 2 Mei 1989, katika mtaa wa maduka ya vyuma, kati ya fundi viatu na muuza rangi. Jina lake alilipata hapo, kwa sababu hakukubali mteja achague kitambaa kabla hajakalia sponji tupu. Alimwambia, "Keti kwanza. Kitambaa ni cha wageni, sponji ni yako." Alifanya kazi na misumari midogo mdomoni, akazungumza nayo humohumo, na sisi tuliomzoea tulimwelewa. Mwaka 1996 mdogo wake alifukuzwa kazi ghalani, akamfuata. Kaka akampa kisu cha kukatia sponji na nyundo ya kupigilia mikanda ya makochi, akamlipa kama fundi kabla hajawa fundi. Walikuwa wawili tu mle ndani, miaka yote. Na ni yeye mdogo wake, si mwingine, aliyekuwa akisimama mlangoni kila jioni kaka yake anapojitwika gunia, na kuwatangazia majirani, "Jamani pisheni njia, bwana harusi anaondoka na mkewe." Fundi viatu alicheka. Muuza rangi alicheka. Mtaa mzima uliisikia dhihaka ile.

Tulifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992. Usiku wa kwanza niliingia chumbani nikakuta kitu kimekaa kwenye stuli, kimefunikwa kitambaa cheupe cha maua, kizuri kuliko shuka la kitanda chetu. Nikauliza ni nini. Akasema nisiogope, ni cherehani. Asubuhi wifi zangu, binamu zake, waliponijia na maswali yao nikawaambia nimeolewa mke wa pili, na wa kwanza hahami. Tulijaliwa watoto watatu. Wote walijifunza kusimama kwa kushika ile stuli. Alikuwa mume mpole, mgumu wa kununua nguo, mwepesi wa kutoa. Hakupiga mtu. Alikuwa na tabia moja iliyonikera, ya kumwamini kila aliyemwita kaka.

Bima ya moto alikata mwaka 2011, baada ya wakala mmoja kuleta kochi lake litengenezwe na kukaa saa nzima juu ya sponji tupu akimweleza. Mdogo wake alimcheka kwamba analipa watu wamwombee moto. Marehemu akalipa kila mwaka bila kuruka, hata mwaka ambao sisi tulikula kwa kukopa. Alisema nyumba ya gundi, sponji na mbao haihitaji kuombewa moto.

Mwezi Julai 2023 mdogo wake alitaka leseni ya karakana iandikwe majina mawili. Marehemu alimwambia angoje mwaka uishe, ili yeye kaka amalize kwanza deni la kitambaa, asije akamwingiza kwenye madeni yake. Mdogo wake hakuliona hivyo. Aliendelea kuja kazini, lakini salamu zikakauka. Jioni alikuwa wa kwanza kutoka, kaka yake akiwa bado anafunga gunia. Zile dhihaka za mlangoni zikakoma.

Jumapili tarehe 17 Septemba 2023, mchana, karakana ikiwa imefungwa tangu Jumamosi, moto ulionekana darini upande wa nyaya za umeme. Tulipofika, paa lilikuwa limeshaingia ndani. Sponji haiungui kama kuni, inayeyuka na kutoa moshi mweusi unaokaba koo, na wazima moto walikuwa wakimzuia marehemu kwa mikono. Seti za makochi ya wateja zilizokuwa zimekamilika ziliungua zote. Ripoti ya wazima moto iliandika kwamba chanzo hakikuthibitika.

Mkaguzi wa kampuni ya bima alikuja Alhamisi yake. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliyevaa buti mpya. Alipekua majivu kwa fimbo, akakuta miguu ya chuma ya meza ya cherehani na pedali yake. Akauliza kichwa kiko wapi. Marehemu akafurahi. Mimi nilikuwepo, niliuona uso wake, ndiyo mara ya kwanza wiki ile alifurahi. Akamwambia, "Hicho kimepona, baba. Kiko nyumbani." Akamleta mpaka chumbani kwetu, akaondoa kile kitambaa cha maua, akamwonyesha, kama mtu anayemwonyesha mgeni mtoto mchanga. Alidhani anamsaidia kupunguza hesabu ya hasara. Mkaguzi akapiga picha, akashukuru, akanywa maji tuliyompa.

Kisha akamwita mdogo wake marehemu pembeni, kwa kuwa ndiye mfanyakazi pekee aliyetajwa katika bima. Maelezo yake tulikuja kusomewa baadaye. Aliulizwa kama Jumamosi ile kaka yake alitoka na cherehani. Akajibu ndiyo, aliibeba. Akaulizwa kama ilikuwa kawaida yake. Akajibu, "Sikumbuki." Akatia sahihi.

Hilo ndilo neno lililomuua Fundi Sponji, ingawa cheti cha hospitali kimeandika shinikizo la damu. Tarehe 30 Januari 2024 kampuni ilikataa kulipa. Ilisema mwenye mali alihamisha kifaa chake cha thamani kuliko vyote kabla ya moto, na mfanyakazi wake hakuthibitisha kwamba ilikuwa desturi. Hawakuandika kwamba alichoma. Waliandika kwa namna ambayo kila aliyesomewa alilisikia neno hilo. Polisi walimhoji, wakamwachia, hawakumkuta na kosa. Fundi viatu na muuza rangi walikwenda kwa miguu yao wenyewe kueleza walichokiona kila jioni kwa miaka. Wakaambiwa wao ni majirani, hawakuwemo ndani, na aliyekuwemo ameshasema.

Wateja wakahama. Mdogo wake alifungua karakana yake mtaa wa pili, na wengi walimfuata, sitawalaumu, watu wanahitaji mahali pa kukaa. Marehemu alibaki barazani kwetu akishona mito na viti vya pikipiki. Mwezi Mei mke wa daktari mmoja, ambaye seti yake ilikuwa miongoni mwa zilizoungua, alimsimamisha sokoni mbele ya watu akamuuliza, "Fundi, makochi yangu uliyachoma ili upate nini?" Marehemu aligeuka akaondoka. Alirudi na kikapu kitupu, akasahau alitumwa nini. Nikamwambia angemjibu. Akasema, "Nimjibu nini, na damu yangu imeshasema haikumbuki?"

Tarehe 21 Agosti 2024 alianguka barazani, upande wa kulia ukapooza. Alitibiwa hospitali ya mji, akarudi nyumbani, akajifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. Mwezi Aprili mwaka huu alizidiwa tena akalazwa wadi ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha. Alimwita mdogo wake. Aliitwa zaidi ya mara moja, mimi mwenyewe nikimgongea mlango. Alipokuja alisimama pale kwenye pazia, na matunda mkononi. Marehemu alikuwa anasema kwa shida, lakini alisema.

"Kwani ulikuwa hunioni?"

Mdogo wake akatazama sakafu. Akasema, "Kaka, pona kwanza. Tutaongea."

Hakupona. Alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Nilikuwa nimemshika mkono ule uliokuwa bado unasikia.

Juzi, maiti ikiwa bado hospitalini, kampuni ilituma karatasi. Kwa huruma, walisema, itatoa sehemu ndogo ya fidia, na familia ikubali kwamba haina dai lingine na kwamba uamuzi wa kwanza unabaki. Kwa kuwa sijui kuandika, walitaka dole gumba langu. Ukoo ulikaa sebuleni. Mjomba wa marehemu alisema tupokee, jeneza si bure, na wafu hawana kesi. Wengi waliitikia. Nikamgeukia shemeji yangu, nikamuuliza yeye anasemaje. Akasema neno ambalo nilimshukuru kwalo, kwa sababu lilikuwa la kwanza la kweli tangu moto.

"Shemeji, kaka hawezi kufungwa tena. Mimi naweza. Nikigeuza maneno yangu leo, wataniuliza kwa nini nilidanganya."

Kwa hiyo anakumbuka. Kila aliyekuwa sebuleni alisikia. Mjomba akaniambia nimwonee huruma, ni hofu tu, naye ana watoto. Nikamwambia hata huyu aliyelala hospitalini ana watoto, na mtaani wanaitwa watoto wa mchoma karakana. Karatasi nimeirudisha bila alama. Wanaosema mjane amekataa pesa kwa kiburi, waendelee kusema. Jeneza hili mnaloliona limelipwa na fundi viatu na muuza rangi, na sponji iliyotandikwa ndani yake nimeikalia mimi mwenyewe kabla hawajaweka kitambaa.

Jana binti yetu alikwenda ofisini kwa msuluhishi wa madai ya bima, ambako shauri letu dhidi ya kampuni bado halijaamuliwa. Karani alimweleza kwamba shahidi anayekuja mwenyewe kusahihisha maelezo yake kabla ya uamuzi husikilizwa, na ofisi yao haimpeleki mtu huyo polisi. Alimwandikia kwa mkono na kugonga muhuri. Nakala alipewa shemeji yangu jana hiyohiyo jioni, mbele ya mjomba. Aliisoma yote. Akaikunja akaitia mfukoni.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto watatu, wajukuu wawili, na mdogo wake mmoja wa tumbo moja. Wapo walionishauri ndugu huyu nimwondoe kwenye orodha hii. Sikumwondoa. Siku ile alipokosa kujibiwa pale kitandani, marehemu alinishika nguo akaniambia nisije nikamkatia undugu, kwa kuwa alimlea. Basi nimemwandika mahali pake.

Shauri litasikilizwa Alhamisi tarehe 19 Juni, saa tatu asubuhi, ofisini kwa msuluhishi, chumba cha chini, mlango wa upande. Shemeji, mimi nitafika mapema na nitakushikia kiti. Sitakuja tena kukugongea mlango.

Nawe Fundi Sponji, umechoka vya kutosha. Mungu akupokee, akulaze palipo laini.