Raketi Isiyolia

Mzee Delbert huapa kwa magoti yake yote mawili, la kuzaliwa na la chuma, kwamba haya ni kweli tupu. Ndani ya basi la Tucson, mbele yake waliketi Yolanda na shemeji yake Dwight, wakienda benki kutoa akiba yote ya Yolanda. Mama huyo alitaka kutengeneza raketi isiyolia kwa ajili ya pikoboli, ule mchezo wa mpira wa plastiki unaowaamsha majirani alfajiri kwa ta! ta! ta!

“Kuitengeneza dola thelathini, kuiuza sabini,” alisema Yolanda, hatulii kitini. “Shemeji, tumetajirika!”

“Ndotoni. Nani atanunua? Mchezaji anaupenda huo mlio!”

Delbert aliitikia kwa kichwa kimyakimya. Yeye mlio huo humchangamsha kuliko kahawa.

Yolanda aliwaza kidogo, kisha akamtandika Dwight kofi la paja. “Basi hatumuuzii mchezaji, bwege wee! Tunamuuzia jirani, naye ampe mchezaji zawadi!”

Kicheko kilimtoka Delbert kama chafya. Wakageuka, wakaona mpini wa raketi ukichungulia kwenye mfuko wake. Bi Eudora, anayeishi ukuta kwa ukuta na uwanja wa pikoboli, naye akauona kutoka kiti cha nyuma.

“Kumbe ndiwe unayeniamsha alfajiri! Mama, pokea oda ya kwanza, ni zawadi yake. Ila atalipa mwenyewe!”

Basi lote likashangilia. Liliposimama penye benki, Delbert alikuwa ameshatoa dola sabini, na mashemeji wakashuka wakibishana kama hiyo ni faida au ni faini.