Bi Toleo Anafunga Dawati, Makala Zinabaki Wazi

Ifikapo tarehe 30 Juni, mkutubi wetu atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja na miezi minne katika maktaba ya taasisi hii, na siku hiyo atastaafu. Mkurugenzi aliwaomba wafanyakazi watano waeleze kazi yake kwa ajili ya kijitabu hiki. Yakaja majibu matano yasiyofanana. Ndiyo maana uandishi umeniangukia mimi, binti wa mtafiti wa wadudu wa ghala, ninayemngojea baba maktabani kila siku baada ya shule.

Alianza kwa kubandika namba kwenye migongo ya vitabu. Alipanda ngazi, kisha ngazi zenyewe zikaondolewa, maana makala zilihamia kwenye kompyuta. Miaka sita iliyopita likaja sharti jipya la wafadhili wa umma: utafiti uliogharamiwa na umma usomwe na umma bila malipo, tangu siku unapochapishwa. Sentensi ni moja tu, lakini taasisi nzima inaihangaikia mpaka leo.

Mkanganyiko wa kwanza ni toleo. Kinachowekwa kwenye hifadhi ya wazi ya mtandaoni ni makala kama ilivyokubaliwa na jarida, kabla jarida halijaipanga katika kurasa zake. Watafiti humletea mafaili yanayoitwa "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho wa kweli sasa". Safari moja hata yeye aliteleza, akaweka rasimu yenye maoni pembeni, na ulimwengu ukasoma mwandishi mmoja akimwambia mwenzake: "Kaka, aya hii hata mimi niliyeiandika siielewi." Ilikaa siku mbili, ikapata wasomaji kuliko makala zote za mwaka ule. Tangu hapo, kila anayeingia huulizwa kabla salamu haijaisha: "Mwanangu, hili toleo gani?" Jina la Bi Toleo likamganda.

Mwaka huu makala ya baba ilikubaliwa. Wafadhili wa umma wakasema iwe wazi siku ya kuchapishwa, la sivyo ombi lake la fedha za awamu ya pili halitasomwa. Jarida likasema ifungwe kwa miezi kumi na miwili. Fomu ya taasisi ilikuwa na kisanduku kimoja, kimeandikwa "Ndiyo". Mwanasheria alizisoma barua zote, akavua miwani, akauliza kama kuna chai. Baba hakuwa akila wala kulala. Miaka minne alikuwa amehesabu fukusi, gunia kwa gunia.

Bi Toleo hakubishana na mtu. Ana mazoea yake: hakuna makala inayotoka hapa kwenda jaridani bila karatasi yake ya sentensi moja, inayosema kwamba mwandishi anabaki na haki ya kuliweka wazi toleo lililokubaliwa. Watafiti huicheka. Baba mwenyewe aliiita hirizi. Basi akafungua kabati, akatoa nakala ya hirizi ile pamoja na barua ya jarida iliyokiri kuipokea, ya miezi tisa nyuma, akazituma kwa mhariri. Jibu lilifika asubuhi ya siku ya kuchapishwa, mistari miwili tu: wamekubali. Saa nne kamili makala ikafunguka. Baba akamwita "mama" mara tatu, akasahau alichotaka kusema.

Mpaka sasa sijaelewa kwa nini sharti la sentensi moja lilihitaji barua kumi na moja. Ila kesho yake, kwenye kompyuta ya shule, niliisoma kazi ya baba kwa mara ya kwanza, bila kuulizwa neno la siri. Nilielewa nusu. Nusu iliyobaki haitaondoka, natumaini nitaifikia.

Kabatini ameacha karatasi mia mbili za sentensi ile, tayari kwa atakayekalia kiti chake. Asante, Bi Toleo. Nenda kapumzike, tunakuombea afya na siku ndefu zisizo na miezi kumi na miwili ya kungoja.