Mama Aliyewapigia Simu Wahitimu

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Hakikisha, alizaliwa Jumatano tarehe 9 Mei 1962, saa kumi na moja na nusu alfajiri, mtoto wa pili wa mwashi na mkunga, akamaliza shule ya msingi mwaka 1975 na sekondari mwaka 1979, na tarehe 12 Januari 1981 akaajiriwa kuwa askari wa gereza la wanawake, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na mmoja bila kumpiga mfungwa hata kofi.

Jumamosi tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na fundi saa, wakajaliwa wana wawili, na tarehe 2 Agosti 1999 binti, kitinda mimba, ambaye ndiye aliyeandika historia hii na kuhakiki kila tarehe mara nne.

Mwaka 2003 marehemu aliuza kiwanja chake, akajiunga na masomo ya jioni ya shahada ya kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, katika chuo cha binafsi, akahitimu mwaka 2007, na Jumatatu iliyofuata mkuu wake wa kazi akamkabidhi funguo zilezile, akisema, "Hongera, msomi, lango linakusubiri." Kazini alicheka na wenzake, nyumbani akalia.

Ndipo alipoanza daftari lake la vyuo vitano, la kuwashauri wazazi wanaowatafutia watoto wao chuo, akiandika ada, muda wa masomo, gharama ambazo hazitajwi mpaka umeshaingia, na kazi wanazofanya wahitimu miaka miwili baadaye. Mwaka wa kwanza aliomba namba za wahitimu kutoka ofisi za vyuo vyenyewe, majibu yakawa matamu, mpaka mlinzi wa duka la dawa, naye mhitimu, alipomwambia, "Mama, umewauliza walioalikwa harusini kama wameshiba." Aliona haya, akazirudia familia saba alizokuwa amezishauri, nyumba kwa nyumba, kuomba radhi, na tangu hapo akawa anachukua majina kwenye orodha za mahafali zilizobandikwa ukutani, kila jina la tatu, akilitafuta mpaka alipate.

Oktoba 2023 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Mwezi Mei mwaka huu wa 2025 binti yake alipata nafasi ya shahada ya uzamili ya kriminolojia hiyohiyo katika chuo kilichokuwa ghali kuliko vyote, ambacho kijitabu chake kilidai kwamba wahitimu tisa kati ya kumi hupata kazi ya fani yao, ilhali daftari lilisema kumi na mmoja kati ya arobaini, na chuo cha umma, kwa theluthi ya ada hiyo, ishirini na watatu, kwa kuwa wanafunzi wake hukaa mwaka mzima katika ofisi za uangalizi wa wafungwa walioachiwa. Binti alisema wodini maneno anayoyajutia: "Mama, chuo kilikuumiza wewe, usinifungie mimi." Marehemu hakukasirika. "Sikufungii, mwanangu. Namba hizo hapo, wapigie mwenyewe."

Binti hakupiga. Alhamisi tarehe 19 Juni, saa tisa na dakika kumi alasiri, mama alifariki, daftari likiwa ndani ya mkoba wa binti, halijafunguliwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, askari wenzake waliompa damu, na majirani ambao hawajawasha moto kwao tangu Alhamisi kwa kuwa wanapika kwetu. Tunawashukuru pia wahitimu, kwa sababu Ijumaa, siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi, saa mbili na robo asubuhi, mabenchi yakipangwa uani, binti aliketi kwenye kizingiti cha jikoni akaanza kupiga, na wa nne kupokea, muuza vipuri vya pikipiki, akamtangulia kuuliza, "Mama mwaka huu hajanipigia, mzima kweli?" Alipoambiwa, alisema, "Ni yeye tu aliyekuwa ananiuliza habari za kazi bila kunicheka."

Binti alipiga namba nyingine kumi na tano, na saa tano kasorobo akakiandikia chuo cha gharama kwamba anaiachia nafasi, akakiandikia na chuo cha umma kuomba fomu.

Mama, lala sasa. Umepiga simu za kutosha.