Mzee Muindi na Sanduku la Maua Mawili

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, saa kumi na moja jioni, Mzee Muindi Wathome atatundika koti lake la buluu kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa bohari yetu ya mawe hapa Shauri Moyo, na safari hii hatalichukua tena Jumatatu. Ametumikia kampuni miaka thelathini na saba na miezi minane. Alipopewa barua ya kustaafu aliisoma mara mbili, akaikunja, akapanda ngazi hadi idara ya wafanyakazi na kuomba nyongeza ya wiki moja. Akaambiwa sheria ya kustaafu haina nyongeza. Alishuka akinung'unika kwamba hata mama wa sukuma wiki kule mtaani kwake Umoja ana utu kuliko sheria.

Mimi ninayeandika ni Shirleen Warigia, karani wa rejista. Nimeketi naye meza moja kwa miaka kumi na tisa, kwa hivyo nitasema ninayoyajua, na mengine nitayaficha kwa heshima ya mkewe, Mama Wavinya, ambaye atakuwapo siku ya sherehe.

Kwa wageni wetu: kampuni inapochimba kisima cha kutafuta mafuta kaskazini, mashine hukata mwamba na kuutoa kama vijiti virefu vya mviringo. Sisi huviita miwa, kwa kuwa vinafanana nayo. Miwa hiyo huletwa kwetu, hupangwa kwenye masanduku kwa utaratibu ule ule iliokuwa nao ardhini, juu juu na chini chini, ili wanajiolojia waje waisome. Kazi ya Mzee Muindi imekuwa kuitunza. Alianza Machi 1988 akiwa mpakuzi, kijana kutoka Mwala mwenye cheti cha kidato cha nne na mabega mapana. Alipandishwa kuwa msimamizi wa bohari mwaka 2001, na hapo akakataa kupanda tena, akisema ghorofani hakuna mawe.

Jambo la kwanza analoliona mtu akimkuta Mzee Muindi kazini ni ulimi wake. Huokota jiwe, hulipangusa kwenye koti, kisha hulilamba. Wageni hushtuka. Wanajiolojia waliosoma hufanya hivyo pia, ila wao huangalia kwanza kama kuna mtu anawaona. Jiwe likilowa hung'aa na chembe zake huonekana. Ukiling'ata kidogo, tope safi huwa laini mdomoni, na lenye mchanga hukwaruza meno. Mwaka 1997 aling'ata jiwe la volkano kwa kudhani ni tope gumu, akapasuka jino la mbele. Akaenda kwa daktari wa meno, na baada ya kuzibiwa pengo hilo akaomba nyongeza, aangaliwe na la pili. Aliangaliwa.

Elimu yake ya mafuta ameitoa bure kwa kila mwanafunzi wa chuo aliyepita hapa. Wengi huja wakidhani mafuta yamelala chini ya ardhi kama ziwa, unateremsha ndoo tu unateka. Mzee Muindi husubiri chai ya saa nne, huchovya andazi, hulitoa, kisha huuliza chai imeenda wapi. Imo ndani ya andazi, kwenye vitundu. Basi, huo ndio mwamba ghala, mchanga wa kale uliogandamana ukabaki na vitundu vyake. Lakini chai lazima ipikwe mahali. Kuna mwamba mama, tope la maziwa ya zamani lililojaa mabaki ya vijimea, likafukiwa chini na kupikwa na joto la ardhi kwa mamilioni ya miaka. Joto likizidi unapata gesi, likipungua unabaki na tope lako. Yeye husema ni githeri, mahindi na maharagwe ya jiko la makaa, haitaki pupa. Mafuta yakiiva hupanda, maana ni mepesi kuliko maji, na yangepanda mpaka yatoke juu yapotee kama hayangekutana na mwamba kifuniko, tope zito lisilopitisha kitu. Na kifuniko chenyewe kiwe kimepinda, au miamba iwe imekatika na kuteleza, ili mafuta yanase kama panya mtegoni. "Mama, ghala, kifuniko, mtego," huhesabu kwa vidole vyenye vumbi. "Kikikosa kimoja, chukua kofia yako uende nyumbani."

Elimu hiyo iliwahi kumgombanisha na mtaa mzima. Mwaka 2014, jirani yake wa Umoja, Bwana Muriuki, alichimba shimo la choo kwenye ploti yake, na maji yaliyojaa humo yakawa na utando wa rangi za upinde wa mvua. Ilikuwa Jumapili. Vijana walikusanyika wakishangilia utajiri, "Buda, tumeomoka!" na Muriuki akaanza kuwaonya wapangaji wake wajiandae kuhama. Mzee Muindi aliitwa akitoka kanisani, na suti yake. Akachovya kidole, akanusa, na mbele ya umati, akalamba. Kisha akatangaza kwamba chini ya Umoja kuna mawe ya volkano na majivu yake, na mawe yaliyozaliwa na moto hayana mwamba mama, na pasipo mama hakuna mtoto. Zaidi ya hayo, mafuta yale yalikuwa na ladha ya injini. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na gereji. Muriuki hakumsalimia hadi Krismasi, na Mama Wavinya alimtengea mumewe kikombe cha peke yake kwa mwezi mzima.

Sasa nifike kwenye nyongeza. Mtu yeyote aliyenunua nyanya sokoni anajua kwamba baada ya kulipa unaomba kidogo cha juu, na muuzaji anakurushia moja au mbili. Kwa Mzee Muindi huo si mtindo wa sokoni tu, ni dini ya pili. Ameomba nyongeza kwa kinyozi, kwa fundi wa viatu, na mara moja, nilimsikia kwa masikio yangu, kwa mhubiri aliyekuwa ameshamaliza sala. Na mtu aliyeombwa nyongeza kuliko wote ni Bedan Ng'ang'a, fundi wa mabati aliye hatua chache kutoka lango letu.

Bedan ndiye anayetutengenezea masanduku ya miwa, kwa kuwa yale ya mbao hufika kutoka kaskazini yakiwa kuni. Tatizo ni kwamba Bedan maisha yake yote ametengeneza sanduku la aina moja tu, lile la mwanafunzi anayekwenda bweni. Kwa hivyo masanduku yetu yana bawaba, yana mahali pa kufuli, na kila moja lina ua jekundu lililopakwa ubavuni. Dakta Benta Omolo, mwanajiolojia wetu mkuu, alipoyaona mara ya kwanza aliuliza ni nani hapa anajiunga na kidato cha kwanza. Lakini Mzee Muindi hakuona kichekesho, aliona kazi. Akaamuru kwamba upande wenye ua ndio upande wa juu ya kisima, na kila asomaye aanzie kwenye ua. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Tuliijua tu, kama mtu anavyojua mlango wa nyumba yake.

Agosti 2019 tuliletewa miwa ya kisima Nambari Saba. Ilikuwa mita tatu tu, zilizokatwa mahali penyewe penye maswali, na zote zilitosha katika sanduku moja jipya la Bedan. Mzee Muindi alikuwa Mwala kwa mazishi. Wapakuzi walipanga mawe vizuri, wakabandua vibandiko vya safari vilivyoonyesha juu na chini, kwa kuwa ua lilitosha, wakaondoka. Asubuhi nililifungua sanduku, nikaona ua limenielekea, nikaanzia hapo na kuandika kwenye rejista kwa kalamu isiyofutika: mchanga juu, tope chini.

Ghala juu ya kifuniko. Kila mtu aliyewahi kula andazi la Mzee Muindi anajua maana yake ni kwamba mafuta yalishakimbia zamani. Hata hivyo karatasi za wachimbaji zilisema kinyume, tope kwanza, mchanga baadaye. Dakta Benta akaona hapo jambo moja tu: mawe yamechanganywa boharini. Na mawe yaliyochanganywa hayafai hata kuziba shimo la barabara. Kisima kingefungwa, na mimi nikaandikiwa barua ya kujieleza kwa nini nisifutwe kazi. Nilipewa siku saba.

Sitaficha kwamba niliogopa. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na nyumba ya kupanga mtaa wa Ziwani, na rejista ilikuwa na mwandiko wangu, si wa mtu mwingine. Siku nne nilikaa na karatasi tupu mbele yangu nikiandika "Mheshimiwa" na kukata. Nilikuwa nimekwisha kujiaminisha kwamba kosa nimelifanya, ila silikumbuki.

Siku ya tano Mzee Muindi alirudi. Nilimpa barua, akaisoma, akaniuliza kama nimekula. Kisha akavuta sanduku, akatoa kipande, akalamba. Akatoa cha pili, akang'ata. Halafu akaniita nione. Mto ukifurika, alisema, hutupa kokoto kwanza, mchanga ukafuata, tope likatua mwisho juu ya yote, na hata anayeosha mchele anajua mawe yako chini ya sufuria. Katika kila tabaka la mawe yale, kokoto zilikuwa juu na tope chini. "Haya mawe hayajachanganywa, Warigia," alisema. "Yamesimama kwa kichwa."

Tukalizunguka sanduku pamoja. Upande niliousoma ulikuwa na ua jekundu. Upande wa pili ulikuwa na ua jekundu.

Alitoka bila kofia hadi kwa Bedan, nami nyuma yake. Bedan hakuacha hata kugonga bati. "Si wewe ndo uliniambia nikuongezee kitu?" alisema. "Bati ilikuwa imeisha, nikakuongezea ua. Na imetoka fiti, ama?"

Tulirudi polepole. Nilijua anachofikiria, kwa sababu nami nilikuwa nikikifikiria. Angeweza kuligeuza sanduku, kumwita Dakta Benta na kusema karani alisoma kinyume. Ungekuwa ukweli mtupu, na angesifiwa kwa kuokoa kisima. Alikuwa amebakisha miaka sita astaafu, na faili lake halikuwa na doa hata moja. Nilikuwa nimejiandaa kumsamehe.

Hakupitia hata mezani kwetu. Alipanda ngazi zile anazozichukia, akabisha hodi kwa Dakta Benta, na nikamsikia tokea kwenye korido akisema, "Daktari, aliyekosa ni mimi. Niliomba nyongeza."

Ilimchukua muda kumweleza. Katikati ya maelezo Dakta Benta alivua miwani akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaivaa tena, akamwandikia Mzee Muindi barua ya onyo, kwa kosa la kuendesha bohari kwa sheria isiyoandikwa. Ndiyo barua ya onyo pekee katika miaka yake thelathini na saba, na aliiweka kwenye fremu ukutani, kando ya cheti cha utumishi mrefu. Cheti, huwaambia wageni, hupewa kila aliyekaa. Barua ile aliifanyia kazi.

Kisima Nambari Saba kilijaribiwa, na mafuta yalitoka. Si mengi, na hakuna aliyetajirika, lakini yalitosha kampuni isifunge bohari hii. Chupa yake iko dirishani petu. Ni mafuta mazito, na ifikapo Julai huganda kama ya kukaangia. Siku hizi kila sanduku lina mshale wa rangi nyeupe na sheria imebandikwa mlangoni, lakini wapakuzi bado hutafuta ua kwanza.

Tulipojadili zawadi, wengine walipendekeza saa ya ukutani. Nikapinga, kwa kuwa mtu anayenyimwa wiki moja hatakiwi kupewa saa. Nikaenda mwenyewe kwa Bedan, ambaye sasa ana mvi na bado anagonga, nikaagiza sanduku. Lilipokuwa tayari nikajaribu bahati yangu, nikaomba nyongeza. Aliweka nyundo chini. "Madam, hiyo maneno niliacha 2019," akasema. "Ua ni moja."

Mzee Muindi, sisi wa boharini, wa ghorofani na wa langoni tunakushukuru kwa mawe uliyoyatunza na watu uliowatunza zaidi ya mawe. Mungu akupe afya, meno imara na majirani wasiochimba mashimo Jumapili. Shamba la Mwala likupe mavuno na nyongeza juu yake.

Sanduku lako liko tayari. Chini kabisa nimeweka barua yangu ya mwaka ule, ile ya siku saba. Sikuwahi kuijibu, kwa kuwa uliijibu wewe siku ya tano. Ukilifungua, anzia kwenye ua.