Fimbo Tatu za Kumtafutia Ngazi

Kijiwe chetu kiko pale lami inapoishia na njia ya kwenda mlimani inapoanzia. Ni benchi moja refu lililoegemezwa kwenye ukuta wa kinyozi, meza yangu ya kushonea viatu, na jiko la Shangazi anayetuuzia kahawa. Asubuhi za kawaida pale ni kelele tupu: mpira, siasa, nani kamwacha nani. Lakini wiki ya pili ilikuwa inakwenda tangu Ngazi apotee, na hakuna aliyekuwa na hamu ya mpira. Ngazi, tulimwita hivyo kwa urefu wake, kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni kupanda mlima. Siku ile alirudi juu peke yake kufuata mzigo uliosahauliwa, ukungu ukashuka, naye hakushuka. Watafutaji walipanda, wakarudi na fimbo yake moja ya kupandia. Kisha mvua ikabomoa njia, wakasimamisha kazi. Aliyekataa kusimamisha ni mdogo wake, ambaye mpaka leo tunamwita Dogo ingawa ndevu zimeanza kuota mvi. Kila asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima, alikuja kijiweni na darubini ya kaka yake, ile ya jicho moja, nene kama chupa ya chai, akaielekeza kwenye ufa wa mawe chini ya kilele. Alisema kule kuna kitu cha bluu. Koti la Ngazi lilikuwa la bluu. Na alisema kinapunga mkono.

Asubuhi ninayoisimulia alikuja na fimbo tatu kwapani. Hakusalimia.

— Nisaidieni jamani, akasema. Ofisi ya mlima wanataka picha.

— Picha ya nini tena? akauliza Redio. Huyu kazi yake ni kutangazia watu biashara kwa kipaza sauti, na hata bila kipaza sauti hajui kunong'ona.

— Ya huyo anayepunga. Mkuu wao kaniambia bila kuficha: kama kuna mtu hai, vijana wanapanda leo leo, njia imebomoka haijabomoka. Kama hakuna, hapandi mtu mpaka mvua zikate.

— Si upige tu kwa simu kupitia kwenye darubini? akasema Kinyozi toka mlangoni kwake.

Dogo akatoa simu, akatuonyesha. Picha zote zilikuwa uji. Kijivu kimemwagikia bluu, bluu imemwagikia kijivu.

— Mikono, akasema. Darubini inavuta mbali, ukipumua tu mlima wote unaruka. Na mimi mikono yangu siku hizi... mnaiona.

Tuliiona. Shangazi alimpa kikombe, na kabla hakijafika mdomoni nusu ilikuwa kwenye suruali.

— Kwa hiyo fimbo, nikasema.

— Fimbo. Mbili hizi za zamani zilikuwa uvunguni kwake. Hii ya tatu ndiyo waliyoiokota juu. Nataka nizifunge ziwe miguu mitatu, darubini ikae juu yake, isiguswe na mtu.

Hapo kijiwe kikaamka. Tulikuwa tumekaa siku zote hizo hatuna la kumfanyia yule mtu zaidi ya kumwambia pole, na sasa kaleta kitu cha kushikwa kwa mikono.

— Tuzichimbie chini! akasema Redio. Tunapasua saruji, tunazisimika kama nguzo za umeme.

— Upasue saruji ya nani? akasema Kinyozi. Hii ni ya kwangu. Zifungwe kwa waya, tena waya mnene.

— Waya utateleza, nikasema. Hizi zimepakwa rangi laini. Kinachong'ang'ania hapa ni mpira.

Nilikata utepe wa tyubu ya baiskeli, ule ninaofungia viatu gundi ikiwa inakauka. Tukazilaza fimbo tatu pamoja, vishikio upande mmoja, nikazizungushia mpira chini kidogo ya vishikio, mara juu ya hii, mara chini ya ile, bila kukaza sana ili miguu ipate kutanuka. Tukazisimamisha. Vishikio vitatu vikapishana juu, katikati vikaacha kama kiota. Nikaweka hapo kipande cha ngozi, Dogo akailaza darubini, tukaifunga kwa vitanzi vya fimbo zenyewe, vile vya kuingiza mkono.

Ikasimama. Kisha tukaona inainama taratibu upande mmoja, kama mzee anayesinzia.

— Ni fimbo ya mlimani, akasema Kinyozi. Angalia, inaingia ndani.

Kweli. Fimbo zile zinarefuka na kufupika. Unavuta kipande cha ndani, unakizungusha, kinajikaza. Lakini ile iliyookotwa ilikuwa imejaa mchanga ndani na imepinda kidogo. Haikukaza. Kila tulipoivuta ilirudi.

— Hiyo fimbo inakataa, akasema Redio. Inajua ilichokiona.

— Redio, akasema Shangazi.

— Nasema tu! Pengine inatuambia mwenyewe hayuko kwenye huo ufa. Mimi nadhani Ngazi alivuka upande wa pili. Huko kuna watu. Kaumia mguu, kapokewa, anakunywa supu, hana chaji tu.

— Na koti? akauliza Kinyozi.

— Kaliacha kama alama! Mtu wa mlimani yule, hafanyi kitu bure.

— Alama haipungi mkono, akasema Dogo.

— Basi kajenga kibanda. Anakinga maji ya mvua kwenye kofia, anakula mizizi. Kuna mapango kule, wanasema yana akiba za makopo tangu zama za vita. Nakwambia huyo akishuka atakuwa kanenepa kuliko wewe!

Dogo akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hizo mbili, na kicheko chenyewe kilitoka kibaya, kama mtu anayekohoa. Lakini Redio alipokiona hakuweza tena kujizuia. Akamwoza Ngazi mke huko mapangoni. Akampa mbuzi wa porini wa kukamua. Kinyozi, ambaye kila siku humwambia Redio anyamaze, safari hii akachangia: akasema kule juu nywele hukua upesi kwa sababu ya baridi, na kwamba Ngazi akirudi atamnyoa bure mpaka uzee.

Nikaacha kuihangaikia ile fimbo.

— Kama haitaki kuwa ndefu, nikasema, hizi mbili tuzifupishe zilingane nayo.

Tukazishusha zote. Stendi ikawa chini, kimo cha kiti, na ili uone ikabidi upige magoti. Lakini haikuinama tena. Miguu ilipotaka kuteleza kwenye saruji, Kinyozi akaizungushia kamba chini isitanuke zaidi. Upepo ulipoigusa ikatikisika kidogo. Shangazi akatoa mfuko wake wa mkaa, akasema utundikwe katikati, uzito uivute chini. Tukautundika. Niliigonga kwa kidole. Haikutikisika.

— Sasa, nikasema.

Mlima ulikuwa bado wazi, ingawa mawingu yalishaanza kupanda toka mabondeni. Dogo akapiga magoti. Akaitafuta sehemu yake, akakaza kitanzi, akaiachia, akakunja mikono kifuani kama mtu anayeogopa kuharibu. Tukamsubiri aseme.

Redio ndiye aliyeshindwa kungoja.

— Yupo? akauliza Redio.

— Yupo.

— Anapunga?

— Subiri kidogo.

Tulisubiri. Bodaboda moja ikapita, Kinyozi akaipungia mkono ipunguze mwendo isije ikatikisa barabara. Dogo hakuinua jicho. Baadaye akaiweka simu kwenye kioo cha darubini, akapiga picha. Akasubiri tena, akapiga nyingine. Kisha akasogea, akaniambia:

— Fundi, hebu angalia wewe.

Nikapiga magoti. Kwanza niliona mawe tu, safi, kila ufa mahali pake, utafikiri yako ng'ambo ya barabara. Halafu bluu. Lilikuwa koti kweli, limelalia mwamba, mkono mmoja umetandazwa pembeni. Upande wa chini ulizama kwenye kivuli cha ufa. Upande wa juu, mahali ambapo kwa mtu aliyekaa au aliyelala vizuri ungetegemea kichwa, palikuwa na nukta nyekundu.

Nilijua ni nini. Soli za buti za Ngazi niliziweka mimi. Nyeusi zilikuwa zimeniishia, nikamwekea nyekundu, na Ngazi alicheka akasema sasa ataonekana toka mbinguni. Soli moja ilikuwa imetazama juu. Yaani kichwa kilikuwa chini, ndani ya ufa.

Nilikaa pale nikiangalia muda mrefu kuliko nilivyohitaji, kwa sababu nikiinua uso ningetakiwa kuongea. Niliomba upepo uushike ule mkono wa koti. Haukuushika. Koti lilikuwa limelowa, limegandamana na jiwe.

— Fundi? akasema Redio.

— Ni yeye, nikasema. Zile ni buti zake.

— Nilisema! Nilisema mimi! Redio akarusha mikono juu, kisha akaniona uso, mikono ikabaki hewani. Amelala, akasema. Amechoka. Mtu akichoka si analala?

Kinyozi naye akaangalia. Alipoinuka alijifuta magoti kwa muda mrefu. Shangazi alikataa kuangalia.

Dogo alikuwa ameketi chini na simu yake, anazipitisha zile picha mbili. Ya kwanza, ya pili. Ya kwanza, ya pili. Zilikuwa picha safi, ungeziweka kwenye fremu. Na zilikuwa picha moja.

— Lakini alikuwa anapunga, akasema. Jana alipunga. Juzi pia. Niliona kwa macho yangu, mkono unaenda hivi, unarudi hivi.

Alinyoosha mkono kutuonyesha, na mkono ukatetemeka, kama ulivyokuwa ukitetemeka tangu wiki ile ya kwanza. Akautazama. Akautazama tena, kama mkono wa mtu mwingine uliowekwa mapajani mwake.

— Ni mimi, akasema polepole. Ni mimi nilikuwa namtikisa.

— Usiseme hivyo, mwanangu, akasema Shangazi.

— Nilikuwa namtikisa, Shangazi. Asubuhi zote hizi. Nikienda nyumbani nasema yuko hai, kumbe ni mimi.

Redio akachutama mbele yake. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliongea chinichini.

— Sikiliza. Peleka ile ya jana.

— Ipi?

— Ile yenye uji. Iliyotikisika. Waambie huu ni mkono, unaona, huu hapa, unapunga. Wataenda. Wakishafika juu, watamleta alivyo.

— Na njia? akasema Kinyozi. Umeiona njia ilivyo? Watapanda vijana kwenye tope lile wakikimbilia mtu hai. Akidondoka mmoja wao, utamwambia nini mama yake?

— Kwa hiyo abaki pale? Kichwa chini? Mpaka mvua zikate?

— Sijasema abaki!

— Sasa umesema nini?

Kinyozi akanitazama mimi. Nami nikautazama mlima, kana kwamba huko ndiko jibu litakakotoka. Wingu lilikuwa limefika nusu.

— Sipeleki ile, akasema Dogo. Na hii pia sipeleki. Nikiipeleka hii watafunga jalada, waseme poleni sana, tutaonana kiangazi.

— Basi tungoje kidogo, akasema Redio. Pengine upepo...

— Redio, akasema Dogo. Niachie.

Hapo ndipo tulipomwona mke wa Ngazi anateremka kutoka kwao. Nyumba yao iko pale juu kidogo, ya ghorofa moja, paa lake bapa la saruji ambapo huanika nguo. Hajawahi kuja kijiweni. Alikuwa anatembea haraka, shuka jeupe limekunjwa vibaya kwapani, pua imemwiva kwa baridi, na uso wake ulikuwa na uchangamfu ambao sisi tulishausahau.

— Shikamoo Shangazi. Habari zenu. Watoto wameniambia mmemtengenezea shemeji miguu ya darubini.

— Marahaba, akasema Shangazi, akageukia jiko lake.

— Sasa ni kweli inatulia? Inaonyesha vizuri?

— Inatulia, nikasema.

— Afadhali! Maana mimi, shemeji aliponiambia kaka yake anapunga, niliona si vizuri mtu apunge asijibiwe. Atafikiri tumekata tamaa. Kwa hiyo kila asubuhi napanda pale juu ya paa nampungia na shuka hili. Leo nimepunga mpaka mabega yamekufa.

Akalihamishia shuka kwapa la pili, akapiga magoti mbele ya zile fimbo kabla hatujajua la kufanya. Dogo alimwahi. Alinyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya kioo cha mbele, akakifunika chote.

Shemeji yake akainua uso, akamtazama huku akitabasamu, akidhani ni utani.

— Toa mkono bwana, shemeji. Niambie tu, ameniona?