Mama Wawili Kwenye Simu Moja

Bwana Yesu apewe sifa, watu wa Mungu! Mnisamehe Kiswahili changu. Nimezaliwa Ufilipino, ndoa ndiyo iliyonileta Sumbawanga, na Deo mume wangu ameketi pale nyuma.

Ndugu zangu, kwetu Ukatoliki si jambo la Jumapili tu. Ni jina lako, ni sikukuu ya mtaa, ni sanamu ya Bikira Maria sebuleni kwa mama. Nilipookoka na kubatizwa tena, mama hakubishana nami juu ya Maandiko. Alisema, "Sasa mke wa mchungaji ndiye mama yako. Nenda kwake." Basi! Nikaolewa, nikahamia huku, nikajifungua; miaka yote hiyo mama alikuwa hapokei simu yangu.

Hapa Milanzi nikampata mama mkwe, mkulima wa mahindi na ulezi, Mkatoliki kweli kweli. Hakunichukia. Lakini kila Jumapili alitoka na wifi yangu Anastazia, wamevaa vitenge vya sare, wanacheka kwa Kifipa njia nzima. Niliwachungulia dirishani, moyo unawaka. Ndugu zangu, wivu unauma! Anastazia alikuwa na mama, tena wa imani moja naye. Nikimwona anasukwa na mama yake uani, nilikuwa naingia ndani nafunga mlango.

Wakati wa mavuno mama mkwe akaniuliza mbona mama yangu hapigi simu kumwona mjukuu. Nikamweleza yote. Akasema, "Lete namba. Nampigia mimi, ni mzazi mwenzangu."

Anastazia akapiga kwa video kwenye simu yake. Mama akapokea! Hawakuelewana hata neno. Mama mkwe akainua rozari, mama naye akainua ya kwake. Kisha mama mkwe akaanzisha wimbo wa Kilatini aliofundishwa utotoni, na mama akaudaka kule Ufilipino. Anastazia akaitikia.

Na mimi? Nimesimama na beseni la mahindi, nawaonea wivu wote watatu! Mama yangu mzazi anamwimbia mtu asiyemjua, na mimi namlilia miaka yote hii! Sikutamani kurudi nilikotoka, Mungu ni shahidi. Nilimtaka mama yangu tu. Nikasema moyoni, "Bwana, niponye, wivu huu utaniua."

Mama mkwe akanivuta mkono, akaniketisha mbele ya simu. Mama akanitazama. Nilidhani ataniuliza nasali wapi siku hizi. Akaniuliza kwa lugha yetu, "Umekula?"

Haleluya! Kwetu mama akikuuliza hivyo, amekupokea. Nililia!

Mama bado ni Mkatoliki, na mimi bado niko hapa pamoja nanyi. Wakipigiana simu na kuimba kile Kilatini chao, wivu bado hunichoma kidogo, lakini sasa nakaa nao mpaka wamalize. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mama mkwe. Wewe ambaye nyumbani kwenu wamekususa kwa ajili ya imani yako, mtegemee Bwana, usikate tamaa. Anaweza kumtuma mtu wa kanisa lingine akupatanishe na wako. Amina!