Mtoto wa Kamba Aonyeshwe Nini Mjini

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao na ndoo mbili zilizofudikizwa, kwenye ukuta wa duka la vipuri. Jiko ni langu, birika ni langu, kelele ni za wateja. Wananiita Shangazi, ingawa sijaona mpwa aliyeniletea hata kipande cha sabuni. Breki ni dereva wa teksi, aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake hauna. Waziri alikuwa tarishi wizarani, amebeba mafaili mpaka akastaafu. Profesa ni fundi bomba mwenye miwani. Na Kamba hupaka rangi maghorofa, ananing'inia kutwa nzima, akishuka anakuja kwangu na rangi hadi kwenye kope. Siku hiyo alishuka na habari.

— Shangazi, mke wangu anakuja Jumamosi. Na mtoto.

— Hongera! Wanakaa?

— Jumapili wanarudi. Mtoto ana shule.

— Yule binti? Breki akadakia. Yule uliyemwacha anatambaa?

— Huyo huyo. Sasa yuko darasa la kwanza. Mama yake anasema hataki kuja. Kaambiwa anakwenda kwa baba, kajificha chini ya kitanda.

Hapo hata Profesa aliweka kikombe chini.

— Ndiyo nikasema niwaulize wakubwa, Kamba akaendelea. Nina siku moja tu. Nimtembeze wapi mjini hapa, ili akirudi aseme na yeye ana baba?

Maskini. Kuwaomba ushauri watu hawa ni kuomba mvua wakati umeanika.

— Bunge, Waziri akasema bila kufikiri. Mgeni yeyote wa mji mkuu anaanzia bungeni.

— Mtoto wa darasa la kwanza?

— Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Akiwaona wale wamesinzia, na yeye usiku hasumbui mtu.

— Acha zako, Breki akasema. Bunge utaliona geti tu, na askari aliyenuna. Mji huu unaonwa kwa gari. Nampakia mtoto, tunauzunguka ule mzunguko mkubwa wenye sanamu mara saba.

— Saba za nini?

— Ya kwanza anaiona sanamu kwa mbele. Ya pili, mgongo. Ya tatu, ubavu...

— Na ya saba anatapika, nikamwambia.

— Shangazi, haba na haba hujaza kibaba!

— Itajaza kiti chako cha nyuma.

Profesa akavua miwani. Akivua miwani ujue tumeshaingia chuoni.

— Nyie mnamwonyesha mtoto mawe. Apelekwe ile hoteli kubwa, chooni.

— Chooni?

— Mabomba yale nimeyafunga mimi. Unaweka mkono tu, maji yanatoka. Unatoa, yanakata. Ukisimama, choo chenyewe kinajua kwamba umemaliza, kinajimwagia maji. Usione vyaelea, vimeundwa.

— Profesa, watu wanakunywa.

Breki alicheka mpaka akapaliwa. Waziri hakucheka, yeye huwa hapendi kuachwa nyuma na mtu asiyewahi kufanya kazi ofisini.

— Sawa, na kwa mlinzi watapitaje?

— Kamba avae tai, Profesa akajibu, aingie anaongea na simu kwa hasira. Mtu mwenye hasira kwenye simu hazuiwi popote.

— Mnahangaika bure, Waziri akasema. Jumamosi kuna uzinduzi wa daraja. Wakubwa watahojiwa. Kamba na mtoto wanasimama nyuma yao tu, wanatingisha kichwa. Usiku mtoto anajiona kwenye taarifa ya habari. Baba kama huyo utamkataa?

— Hapana, hapana! Breki akasimama kabisa. Nawapitisha na teksi, Kamba unanyoosha kidole: mwanangu, lile ghorofa langu. Lile langu. Na lile pale. Si umeyapaka mwenyewe? Asiyejua maana haambiwi maana!

— Akitaka kulala humo?

— Anaambiwa yamepangishwa!

Kamba alikuwa anamsikiliza kila mmoja, kichwa kinakwenda huku na huku. Aliamini, jamani. Nilimsikia akipanga chini chini: bunge asubuhi, chooni mchana, darajani alasiri. Nilimhurumia, lakini wateja wengine walikuwa wanangoja.

Mmoja alikuwa mama nisiyemjua, kasimama pembeni na chupa yake ya chai, anataka nimjazie kahawa. Akauliza, wala hakupandisha sauti:

— Samahani jamani, kwani mtoto mwenyewe anapenda nini?

Wote wakamgeukia Kamba. Kamba akatazama kikombe chake.

— Anapenda... Alikuwa anapenda kijiko.

— Kijiko?

— Cha bati. Alikuwa anakigonga sakafuni, anacheka.

— Hiyo zamani. Sasa hivi je?

Kamba akaanza kuhesabu miaka kwa vidole.

— Si umpigie umuulize? yule mama akasema. Akapokea chupa yake, akalipa, akaenda zake.

Kamba akatoa simu palepale.

— Mama nanii, mpe mtoto... Mpe hivyo hivyo.

Akasubiri. Akavua kofia, sijui kwa nini.

— Haloo. Ni baba. Baba, ndiyo. Jumamosi ukija, unataka nikupeleke ukaone nini?

Akasikiliza. Kisha akaifunika simu kwa kiganja, akatugeukia.

— Kasemaje? Waziri akauliza. Bunge?

— Hajataja kitu. Anauliza akishuka kwenye basi atanijuaje.

— Mama yake si atamwonyesha?

— Ndivyo alivyoambiwa. Anasema anataka anijue mwenyewe.

— Ah, dogo hilo, Breki akasema. Mwambie wewe ndiye yule... yule mwenye...

Akamtazama. Na sisi tukamtazama, kila mtu anatafuta alama ya kumpa mtoto. Si mrefu, si mfupi. Si mnene, si mwembamba. Uso wa mtu yeyote, shati la mtu yeyote, na ile rangi ya kijivu ya jengo la wiki hii, ambayo kufikia Jumamosi atakuwa ameshaisugua yote. Profesa akavaa miwani, akamwangalia upya toka juu mpaka chini. Hata Breki akafunga mdomo. Iliniuma. Miaka yote hiyo namkaribisha huyu mtu kwenye benchi, sikuwa na neno moja la kumsaidia.

— Nimwambie nini? Kamba akauliza. Semeni basi, anangoja.